Mama wa Bwana Harusi Asiyefika

Junagadh, 19 Februari 1956

Kwa Tarulata, binti wa Bwana Vadilal, Limbdi.

Baada ya salamu, huna haja ya kunijibu. Mimi ni Jhaverben, mama yake Rasik, yule ambaye hakufika. Ndugu zangu wamekuja kwenu kuomba radhi, na nimeambiwa baba yako aliwapa maji na hakuwatukana, ingawa kuwatukana ilikuwa haki yake. Lakini nawajua wanaume. Wanaombana radhi wao kwa wao. Wewe uliyekuwa umekaa na manjano ya bibi harusi mwilini hakuna aliyekuambia kitu.

Basi nakuambia mimi, kama nilivyosikia kwa kaka yangu Chhabildas. Mama wa bwana harusi haendi na msafara, unajua. Nilikuwa nyumbani nachora maua ya unga kizingitini ili uje uyakanyage.

Treni ilisimama stesheni ya Jetalsar. Kwenye reli ya pili palikuwa na mabehewa ya mizigo yaliyojaa mbuzi wa kwenda kuchinjwa. Jua lilikuwa kali na hawakuwa na maji. Wenzake walikuwa wanacheka na kula njugu. Rasik akashuka na mtungi, kilemba kichwani, mashada ya maua yakiwa yamemziba uso, akawa anawanywesha mmoja mmoja kupitia kwenye nafasi za mbao. Honi ikalia. Chhabildas akamfuata mbio.

“Wewe! Bwana harusi gani anawaacha watu akakaa na mbuzi? Panda, gari linaondoka!”

“Mjomba, unawasikia?”

“Nawasikia, nina masikio. Panda.”

“Mimi nimewasikia leo kwa mara ya kwanza,” akasema, “na sijui nitafanyaje nisiwasikie tena.”

Akavua kilemba, akampa mjomba wake taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akaanza kutembea kurudi huku, kuelekea mlima wa Girnar.

Kisa cha Neminath unakijua kama ninavyokijua. Mwalimu wa dini yetu wa zamani, mmoja wa wale waliotuwekea kivuko katika mto huu wa kuzaliwa na kufa, naye alikuwa njiani kwenda kumwoa Rajul. Akasikia wanyama wakilia zizini, akauliza wamefungiwa nini, akaambiwa ni wa karamu ya harusi yake. Akageuza gari lake la farasi, akapanda Girnar, hakurudi. Kisa hicho mimi ndiye niliyemnywesha Rasik pamoja na maziwa. Chini ya mlima huu kila mama hukisimulia. Hakuna anayefikiri kwamba mtoto anasikiliza kiasi hicho.

Jhaverben


Limbdi, 3 Machi 1956

Bi Jhaverben,

Umesema sina haja ya kukujibu. Ndiyo maana nakujibu. Wengine wote hapa wananiambia ninachopaswa kufanya.

Umeeleza ya stesheni, nami nitakueleza ya huku. Ngoma zilikuwa zinalia. Wasichana tulikuwa tumetunga nyimbo za kuwatania ndugu zako, kwamba wana matumbo ya mapipa na pua za kasuku, na kwamba kaka yako Chhabildas anakoroma hata akiwa macho. Tukabaki nazo mdomoni. Waliingia wanaume sita wameinamisha vichwa, na ngoma ikanyamaza upande mmoja kwanza, kisha upande wa pili. Nilidhani mtu amekufa. Nikauliza, “Nani amekufa?” 

Shangazi Kashi, dada yake baba, ambaye ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, akanikumbatia. “Usilie, mwanangu. Umepandishwa daraja. Leo wewe ni Rajul.”

“Shangazi,” nikamwambia, “mimi ni Taru, na nina njaa.”

Nilifunga kutwa kwa ajili ya harusi, Bi Jhaverben. Nikaenda jikoni nikala ladu, vile vitamu vya mviringo vya wageni, mpaka samli ikanitiririka kwenye viwiko. Wanawake walinitazama kama mtu aliyepandwa na pepo.

Tangu siku hiyo wanakuja kila alasiri. Wanajua Rajul alifanya nini: alimfuata Neminath mlimani, akanyoa nywele, akawa mtawa. Basi wanakaa barazani wananitazama kama ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Lini? Lini? Mchumba akimwacha mtu kwa ajili ya mwanamke mwingine, watu humwonea huruma. Akimwacha kwa ajili ya Neminath, wanamwonea wivu. Sijui niliweke wapi jambo hili.

Nina swali moja. Pale stesheni, alitaja jina langu?

Tarulata


Junagadh, 27 Machi 1956

Binti yangu Tarulata,

Nimekaa na swali lako kutwa, wino ukinikaukia kwenye kalamu. Hakulitaja. Nilitaka kuandika kwamba alilitaja, kisha nikaona wewe si mtu wa kutulizwa kwa uongo.

Ameingia utawani juzi. Wamempa jina Nirvedvijay. Nywele zake ziling'olewa kwa mkono, shungi baada ya shungi, kama sheria inavyotaka, naye hakukunja hata jicho. Huyu ambaye nikimchana utotoni alikuwa akipiga kelele mpaka jirani anauliza kuna nini! Shungi moja iliniangukia mapajani. Watu wakaimba. Wanawake wakapanga foleni kunigusa miguu, wakaniita tumbo la johari, kama wanavyoitwa wazazi wa watawa. Nikawashukuru. Tumbo lenyewe lilikuwa linaniuma.

Jana nikapanda mlima. Magoti yangu hayanitaki, lakini sikukubali kubebwa. Neminath amekaa pale alipo siku zote, jiwe jeusi, macho meupe yasiyofumba. Nikamngoja kuhani amalize kumwosha, nikamsogelea, nikamwambia kimoyomoyo:

“Bwana, uliwasikia wanyama zizini. Umefanya vizuri. Na mama yako je? Shivadevi, aliyekuwa nyumbani anamngoja mkwe, yeye ulimsikia? Wanakuimbia wewe, wanamwimbia Rajul miezi yote kumi na miwili. Mama yako anatajwa kwa zile ndoto njema alizoota kabla hajakuzaa, basi. Baada ya hapo alikwenda wapi? Nani alimpikia jioni ile?”

 Nikamwachia mchele na ua, nikashuka.

Pamoja na barua hii nakuletea ile sari nyekundu ya miraba ya dhahabu, ambayo sisi upande wa bwana harusi tungekuvika mandapani, kwenye kibanda cha ndoa. Ni yako. Sikuweza kuiacha sandukuni.

Jhaverben


Limbdi, 8 Aprili 1956

Bi Jhaverben,

Sari imefika. Shangazi Kashi aliifungua kabla yangu, akaipandisha kwenye paji la uso, akalia kwa furaha. “Unaona? Hata Junagadh wanakuhesabu kuwa mke wake. Mke hufuata mume.” Kufikia jioni mtaa mzima ulishajua kwamba mama yake Rasik ameniita. Sasa wanaleta watawa wa kike nyumbani kila asubuhi, wanakaa nami kwa upole, na upole wao ndio unaonichosha zaidi.

Nilidhani wewe peke yako hunitaki niwe mtu wa kwenye nyimbo. Kumbe nawe umenitumia kamba, tena nyekundu.

Nairudisha kwa posta.

Tarulata


Junagadh, 14 Aprili 1956

Taru, Taru, usiirudishe!

Lo, ujinga wangu! Nilidhani ukiichukua posta utaelewa, kumbe kitambaa hakisemi. Nilitaka uolewe nayo. Na mtu yeyote! Na mwalimu, na mwuza nguo, na mwenye makengeza, mradi awe mtu anayeshuka treni inapofika. Sina binti. Nilitaka kitu changu kiende kwenye harusi fulani duniani na kichezewe ngoma. Mwambie shangazi yako hivyo, mwambie Jhaverben wa Junagadh amekula kiapo kwamba hakudai. Ukiona vigumu kuivaa, ikate, umtengenezee mtoto wa jirani mapazia.

Umeniandikia kwa hasira na nimefurahi. Tangu Rasik aondoke kila mtu ananisemesha kwa sauti ya hekaluni.

Nina habari. Yeye na watawa wenzake wanatembea kuelekea kwenu. Watapita Limbdi kiangazi kikiwa kinakwisha, kisha watarudi Junagadh kukaa miezi ya mvua, ambapo hawaruhusiwi kusafiri. Miezi minne, Taru! Atakuwa mtaa wa tatu kutoka hapa. Siruhusiwi kumwita mwanangu, lakini kuna ukuta gani unaozuia kusikia mtu akisoma mahubiri?

Akipita mlangoni kwenu na bakuli, mpe chakula. Pilipili iwe kidogo, tumbo lake si zuri. Anapenda wali wa choroko ukiwa laini sana. Lakini usimpikie yeye, jamani! Mtawa akijua kwamba chakula kimepikwa kwa ajili yake, hana budi kukataa. Pika kwa ajili yenu, halafu kibaki kwa bahati. Na usiseme nimesema.

Jhaverben


Limbdi, 16 Juni 1956

Mama,

Nimekwisha kukuita hivyo, siwezi kulifuta.

Sari bado iko kwangu, sikuituma. Shangazi hajapenda maelezo yako. Anasema mama wa mtawa hawezi kuwa ameandika vile, labda ni mwandishi wa mtaani aliyekosea.

Alikuja juzi. Mlio wa fimbo barazani, kisha sauti ikatamka ile baraka wanayoitoa katika kila mlango. Shangazi akanisukuma: “Toa wewe, kwa mkono wako, ni heri kwako.” Tulikuwa tumepika wali wa choroko. Baba amelalamika wiki nzima kwamba tunakula wali wa choroko kila siku kama wagonjwa.

Nilikuwa sijawahi kumwona uso, Mama. Tulichumbiwa kwa picha. Ana kovu dogo kwenye kidevu ambalo pichani halikuonekana. Alisimama macho chini, mwenzake pembeni. Nikamwekea kijiko kimoja, cha pili. Akasema, “Basi.” Nikaweka cha tatu. Akasema, “Basi, dada.”

“Unanijua mimi ni nani?” nikamwuliza.

 “Najua,” akasema. “Nakuomba msamaha. Wewe na wengine wote niliowaumiza.”

Basi. Akaenda mlango wa pili. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Februari, makali kama sindano, nikabaki nimeshika kijiko.

Ana afya njema. Amenenepa kidogo hata. Usiwe na wasiwasi.

Taru


Junagadh, 2 Julai 1956

Taru wangu,

Amenenepa! Nimeisoma barua yako mpaka jirani ameihifadhi kichwani. Na ameomba msamaha kwa kinywa chake, tena baada ya kusema “najua”. Sasa una jibu la swali lako, jibu bora kuliko lile langu.

Mvua ya kwanza imenyesha jana, mlima umevaa wingu kama kilemba. Nimefagia baraza, nimepaka sakafu, nimechagua mawe kwenye choroko. Si kwa ajili yake! Ni kwa ajili yangu, mwanamke mmoja mwenye hamu kubwa sana ya choroko. Kama ni dhambi, ataijua Neminath.

Niambie, je, alikohoa? Msimu wa mvua alikuwa akikohoa mpaka uso unakuwa bluu, nikimpaka mafuta ya moto kifuani. Lakini kama amenenepa hakohoi.

Bi Samrath wa mtaani kwetu karudi jana kutoka huko kwenu kwa shemeji yake. Anasema mtawa mmoja kijana amekwama Limbdi kwa ugonjwa, wenzake wakamsubiri, hawakuweza kuendelea. Hakujua jina lake. Nikamwambia si wetu, wetu Taru amemwona kwa macho yake, ni mzima. Nikakaa namwaza mama yake huyo. Pengine yuko kijijini huko anafagia baraza kama mimi, hana mtu wa kumwandikia. Ukipata nafasi, mwulize jina lake, tumpelekee huyo mama neno. Masikini.

Mama yako, Jhaverben


Limbdi, 6 Julai 1956

Mama,

Keti kwanza. Mwite mtu akae nawe.

Mtawa mgonjwa ni wetu.

Niliyokuandikia kuhusu mlangoni ni kweli, ila afya. Midomo yake ilikuwa imepasuka, mkono umeshika bakuli unatetemeka mpaka mwenzake akamshika kiwiko. Ndiyo maana alisema basi mapema vile. Nilikuandikia amenenepa kwa sababu ulikuwa umeniambia habari za pilipili, na kalamu ikakataa kuandika jingine. Nikadhani atapona kwanza, halafu uongo wangu utakuwa kweli.

Daktari anasema ni homa ya matumbo. Dawa aliimeza, ikarudi. Sasa hamezi kitu. Leo asubuhi ameomba kiapo cha kuacha chakula, auage mwili kwa hiari yake, na Mtawa Mkuu amempa.

Mtawa Mkuu amesema mama asiitwe. Anasema machozi ya mama ni kamba kwa mtu aliyeshika njia hiyo. Baba anasema si shauri letu. Mimi nasema njoo. Panda treni ya alfajiri. Ikifika Jetalsar usitazame nje.

Taru


Junagadh, 5 Agosti 1956

Taru,

Nimefika nyumbani salama, mvua imenisindikiza kutoka Wankaner. Asante kwa kitanda, kwa mwavuli, na kwa kutokusema kitu tulipokuwa tunatembea. Nilikaa siku nyingi bila kushika kalamu.

Watu wa Limbdi watasimulia kifo kizuri, mtawa kijana aliyekufa akitabasamu na jina la Neminath mdomoni. Hawakusema uongo. Lakini nataka pawe na mtu mmoja anayejua nilichokiona mimi, na mtu huyo ni wewe, maana ulikuwa umesimama nyuma yangu.

Sijui kama unakumbuka ulichosema pale mlangoni pa nyumba ya watawa. Wale wanaume walikuwa wanatuambia tukae barazani, kwamba mgonjwa yuko katika utulivu. Nilikuwa tayari kukaa. Mimi ni mtu wa kukaa ninapoambiwa. Wewe ukampita yule mwenye funguo, ukaweka viganja pamoja mbele ya Mtawa Mkuu, kwa adabu kabisa, ukasema:

“Maharaj, Neminath aligeuza gari kwa sababu aliwasikia mbuzi wakilia. Mama huyu analia hapa tangu asubuhi. Ninyi hamumsikii?”

Shangazi yako akashika mdomo. Nilidhani tutafukuzwa.  Nilimtazama mzee yule usoni, Taru, hakuwa mkatili, alikuwa amechoka, na nadhani alimpenda mwanangu. Akasema, “Binti, sheria ya kutogusana sikuitunga mimi, wala siwezi kuivunja. Lakini chumba hiki si kikubwa hivyo.” Akaamuru ubao aliolazwa Rasik usogezwe mpaka kizingitini.

Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyo karibu na ukuta huu ninapoandika. Paji lake la uso lilikuwa na jasho. Mkono wangu wa kuume ulikuwa unakwenda wenyewe. Nikaukalia. Ndivyo ulivyoniona nimekaa upande, ukadhani ni magoti.

Akafumbua macho. Nilijua hataniita mama. Akaniita kama wanavyomwita kila mwanamke mwumini.

“Shravika,” akasema. “Umekula?”

“Bado.”

“Jua linatua. Kale.”

Nawe unajua sisi hatuli baada ya jua kutua. Alikuwa amekumbuka kwamba nimetoka safari. Nikanyanyuka, nikaenda kwenu, nikala kama mwizi, mikono yote miwili, kwa kuwa mwanangu amesema kale. Nilipomaliza jua lilikuwa limeshatua, na mwanamke haingii katika nyumba ya watawa wa kiume baada ya hapo. Sheria hiyo nayo hakuitunga mtu yeyote tunayemjua. Asubuhi niliporudi alikuwa anapumua tu. Kabla ya adhuhuri hakuwa anapumua.

Kama alikuwa na neno jingine, nilikuwa nakula.

Walimkalisha kwenye machela ya maua, wakambeba na shangwe, watu wakigombea kuugusa mti wa machela. Wanawake wakanishika miguu tena. Tumbo la johari, tumbo la johari. Mmoja akaniambia nisilie, kwamba wasiolia ndio wanaomsaidia aliyekwenda. Sikulia. Nimekuja kulia huku, na huku hakuna anayenisikia ila kasuku wa jirani.

Uongo wako nimekusamehe siku ileile. Ulinipa wiki mbili za kufagia baraza nikiimba. Hakuna aliyewahi kunipa zaidi.

Mama yako


Limbdi, 20 Septemba 1956

Mama,

Barua zangu mbili hazijajibiwa. Nimemwandikia mjomba Chhabildas, kasema u mzima, ila huongei.

Huku wanawake wa barazani waliacha kidogo baada ya msiba, kisha wakaanza tena, safari hii kwa nguvu. Amefia mjini kwetu, wanasema, amepokea chakula mkononi mwangu, ishara gani tena nataka? Watawa wa kike wakaja na Shangazi akawatandikia. Mmoja akaniuliza, “Moyo wako unaambatana na nini hata sasa, binti?” Nikamjibu, “Na ladu.” Shangazi akalia.

Ndipo Baba akatoka dukani. Unamjua Baba, anaongea kama anayenunua maneno. Akawainamia wale watawa kwa heshima, akasema, “Mabibi, huyu ni Taru. Inatosha.” Akarudi dukani. Hajasema kitu kingine mpaka leo. Shangazi hasemi nami wala naye.

Mama, nimekubaliwa chuo cha ualimu wa wanawake, Rajkot. Nitapanga chumba chenye jiko. Nataka uje tukae wote. Unafanya nini kwenye nyumba ile, unamngoja nani? Rajkot hakuna mtu atakayekugusa miguu. Utanipikia unachotaka nami nitakula. Nina kiu ya kuambiwa nimechelewa kurudi.

Sijawahi kukuomba kitu. Hiki nakuomba.

Taru


Junagadh, 22 Novemba 1956

Taru wangu,

Nimeisoma barua yako kila siku tangu ifike. Nisamehe ukimya. Nilikuwa natafuta namna ya kusema ndiyo.

Ningekuja, mwanangu, ningekupikia, na kila jua linapotua ningekusikia ukiniambia nile. Ningekula kila siku chakula kile cha Limbdi. Sitaki jambo hilo likuingie wewe pia.

Baada ya sikukuu ya Diwali nilipanda tena kwa Neminath. Sikumgombeza. Nilikuwa sina la kusema, nikakaa tu, mahujaji wakinipita. Palikuwa na mtawa mmoja wa kike, mzee kuliko mimi, miguu imepasuka kwa njia. Akakaa kupumzika. Nikamwuliza, “Amma, umepata unachokitafuta?” Akacheka, hana meno. “Sijui. Lakini natafuta nikiwa natembea. Nyumbani nilikuwa natafuta nikiwa nimekaa, na mgongo ulikuwa unaniuma.”

Nimeomba waniingize kwao. Watu wote walikuwa wanakutazama wewe, Taru, wanangoja ni lini utamfuata. Mimi hakuna aliyenitazama. Mama wa Neminath nilimtafuta kwenye visa, sikumpata. Labda alikwenda njia hii, mzee mmoja nyuma ya wengine, hakuna aliyemtungia wimbo.

Usidhani nimepata imani kubwa. Nina ileile niliyokuwa nayo, yenye matobo. Nataka kutembea barabara alizotembea, na kulala kwenye sakafu alizolala. Wakiniambia hiyo nayo ni kamba, nitawaambia naifungua taratibu.

Mtawa haandikii barua watu wa nyumbani. Hii na moja yako, basi.

Kuna jambo moja. Desturi inataka jamaa asimame mbele ya watu na kuniruhusu. Chhabildas yuko tayari, amelia, amekubali. Lakini yeye ni kaka, na kaka huruhusu mambo mengi. Mimi nimemwambia mama mkuu wa watawa kwamba nina binti, na kwamba bila yeye siji. Ukikataa nitakaa. Nitakuja Rajkot, nitakupikia, wala hutaona uso wangu umekunjamana. Naapa kwa Neminath.

Wewe sema.

Mama yako, Jhaverben


Rajkot, 3 Desemba 1956

Mama,

Hapana.

Nimeandika neno hilo kwenye karatasi nne nikazichana. Hii ya tano nimeliacha ili ulione, ujue kwamba ndilo la kwanza na ndilo la kweli.

Neminath amechukua mchumba wangu akiwa amevaa maua. Sasa anakuchukua wewe, na tena ananitaka mimi nikufungulie mlango. Nilikwenda hekalu la hapa nikasimama mbele ya sanamu yake kama ulivyosimama wewe, nikamwambia, “Bwana, huna aibu.” Mwanamke aliyekuwa anaosha sakafu aliniambia nisogee, nimekanyaga maji.

Chumba nimeshapata. Kina dirisha, na jiko linatoa moshi. Nimenunua sahani mbili. Juzi niliungua mkono nikipika, nikageuka kukuambia.

Halafu nikakuwaza hapa, unanipa chakula nikirudi, uso haujakunjamana, kama ulivyoapa. Umekaa. Wewe ambaye hukaa unapoambiwa. Pale kwa mgonjwa uliukalia mkono wako na mimi nikadhani ni magoti. Hapa ungeukalia maisha yako yote yaliyobaki, na mimi ningeketi mbele yako nakula, nikijua. Siwezi, Mama. Nimejaribu usiku na mchana kuwa mtu anayeweza.

Basi nenda.

Nitakuja siku hiyo. Mwambie mjomba Chhabildas anipokee stesheni. Nitakaa mbele, na watakapouliza nani anamruhusu mwanamke huyu, nitasimama mimi, nitasema kwa sauti wasikie mpaka nyuma. Wanawake watakuja kunigusa miguu, nitawapiga teke.

Najua baada ya hapo hutaniita Taru. Utapita mlangoni kwangu mwaka fulani, macho chini, utanibariki kama unavyobariki nyumba ya jirani, na mimi nitakuwekea chakula kijiko kwa kijiko mpaka useme basi. Sitakuuliza kama unanijua.

Lakini siku hiyo bado, na wewe bado uko nyumbani na una nywele kichwani. Kama barua hii imefika mchana, weka kalamu, weka kila kitu, nenda jikoni ujipikie kitu cha moto, ukile polepole, ukae mpaka kiishe. Mimi hapa nimewasha jiko. Tutakula wakati mmoja.

Binti yako,
Taru